Wasomaji Wauliza: Timu Ngeni Mjini na Msimu Wake wa Kwanza

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache habari ya Dayton, mji wa jimbo la Ohio huko Marekani, ambao ulipata timu ya besiboli ya ligi ndogo mwaka 2000. Msimu ule wa kwanza tiketi ziliisha kila mechi ya nyumbani. Barua zilizofuata zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na Vihiga. Tumejibu sita.

Hiyo ligi ndogo ni kama National Super League yetu ya soka? Na timu ya mji mdogo inatoa wapi pesa za kuwalipa wachezaji? — Msomaji, Kondele, Kisumu

Hapana, si kama Super League, na ukishaelewa tofauti hiyo mengine yote yanafunguka. Hapa kwetu timu ikishinda inapanda daraja. Kule timu haipandi wala haishuki; anayepanda ni mchezaji. Tangu 2021 kuna timu 120 zilizogawanywa katika madaraja manne, timu 30 kila daraja, na kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ina timu yake katika kila daraja. Klabu kubwa ndiyo inayomwajiri mchezaji na kocha, na ndiyo inayowalipa. Mkataba wa 2023 uliweka kima cha chini cha dola 26,200 kwa mwaka katika daraja la chini kabisa kati ya hayo manne na dola 35,800 katika la juu, na yote hutoka mfuko wa klabu kubwa. Anayemiliki timu ya mji amebakiwa na uwanja, tiketi, chakula, matangazo, na watu wa kufagia watazamaji wakishaondoka.

Kwa hiyo ushindi haumo mikononi mwake. Kijana akipiga vizuri wiki tatu mfululizo, simu inaita kutoka juu, na kesho yake hayupo. Huwezi kubandika picha yake kwenye ukuta wa stendi ukawaambia watu waje Jumamosi kumwona. Wenye timu hizi wamelazimika kujifunza kuuza kitu kingine: siku yenyewe. Kiti safi, chakula cha moto, saa ya kuanza isiyobadilika, mahali ambapo mama anaweza kumwachilia mtoto acheze bila hofu. Dayton walifanikiwa kwa hayo.

Kila timu mpya hujaza uwanja mwanzoni. Cha ajabu ni nini? — Msomaji, Kakamega

Kipya kinyemi ingawa kidonda, ni kweli. Tazama mji wa Salt Lake, jimbo la Utah. Mwaka 1994 ulipata timu iliyohama kutoka Portland, uwanja mpya ukajengwa, na msimu wa kwanza ukaingiza watazamaji zaidi ya 700,000. Miaka iliyofuata idadi ikawa inashuka, kama ilivyo kawaida.

Dayton nao walipata timu iliyohama, kutoka Rockford jimbo la Illinois, lakini uwanja wao ulijengwa na viti karibu 6,800 tu pamoja na kipande cha nyasi cha kukalia. Viti vilikuwa vichache kuliko watu waliovitaka. Aliyetaka kuingia ilibidi anunue mapema, na aliyenunua mapema alikuja hata mawingu yalipotanda, kwa kuwa pesa yake ilikwishatoka. Tiketi ziliendelea kuisha. Tarehe 9 Julai 2011 walifikisha mechi 815 mfululizo bila kiti kubaki, wakaivuka rekodi ya 814 iliyokuwa ya timu ya mpira wa kikapu ya Portland. Hiyo ni miaka 11 baada ya fungate, na ndiyo sababu tunaitaja Dayton mara kwa mara.

Sisi ni timu ya soka ya daraja la chini. Msimu ujao tunahamia Nakuru mjini na tuna mechi kumi za nyumbani. Hatuna mdhamini. Ni nini cha kuiga huko, na ni kipi hakitufai? — Katibu wa timu, Nakuru

Ndugu katibu, anza na mahali. Timu ya Charlotte, North Carolina, kwa miaka mingi ilicheza Fort Mill, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Uwanja ule ulikuwa na viti kama 10,000. Mwaka 2014 walihamia uwanja mpya wenye viti kama 10,200 katikati ya mji. Viti ni karibu vilevile na mchezo ni uleule, lakini msimu huo wa kwanza walipata watazamaji 687,715, wakaongoza timu zote za ligi ndogo. Kwenu maana yake ni hii: mkipewa kuchagua kati ya uwanja mzuri ulio mbali na barabara na uwanja wa kawaida ambao mtu anaufikia kwa miguu kutoka stendi ya matatu, chukueni wa pili. Mtu wa kulipa tiketi ya shilingi 50 hatatoa mia mbili za bodaboda kwenda na kurudi.

La pili, punguzeni viti. Msiwatawanye watu 300 kwenye uwanja wa maelfu. Wataonekana kama waliofika kwenye mazishi ya mtu asiyejulikana. Zungusheni kamba upande mmoja tu, mpange benchi za watu 400, na huo upande uwe wa magharibi. Mechi ya saa tisa alasiri, aliyekaa magharibi jua liko mgongoni mwake. Aliyekaa mashariki atakunja uso dakika 90 na hatarudi tena.

Kisha kadi ya msimu, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu timu nyingi hujikwaa papa hapa. Mechi kumi kwa shilingi 50 ni 500. Uzeni kadi kwa 400, mtu aone kumi alipe nane. Mkiuza kadi 150 kabla ya mpira wa kwanza kupigwa mna shilingi 60,000. Kosa linalokuja baadaye ni kamati kuzinunulia jezi na sherehe ya ufunguzi, kisha mechi ya saba hakuna nauli ya kwenda ugenini, nao wenye kadi wamekwisha kulipa na hawadaiwi chochote. Zigawanyeni: 60,000 kwa mechi kumi ni 6,000 kila mechi ya nyumbani. Nyingine zikae benki kwa sahihi tatu, na kila fungu litoke mechi yake ikifika. Kadi yenyewe iwe na miraba kumi ya kutobolewa langoni. Baada ya mechi ya tatu hesabuni kadi ambazo zimetobolewa tundu moja pekee. Hao ndio walioanza kukata tamaa. Wapigieni simu muwaulize sababu, mapema, kabla hawajazoea kuwaambia majirani kwamba timu haina lolote.

Langoni, tumieni vitabu vya tiketi vyenye namba za mfululizo na kishina kinachobaki. Kila mlango kitabu chake, kila kitabu mtu wake. Kabla ya kufungua, andikeni namba ya kwanza. Mkifunga, namba ya mwisho. Toeni ya kwanza kutoka ya mwisho, ongezeni moja, zidisheni kwa bei, linganisheni na fedha. Tiketi za bure zichapishwe kwa rangi tofauti na zihesabiwe peke yake, la sivyo kila upungufu utaambiwa ulikuwa tiketi za bure. Malipo ya simu yaingie kwenye till ya timu, yasiingie kamwe kwenye namba ya mweka hazina. Anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote, lakini siku simu yake ikizimika langoni, watu arobaini watapita wakisema wamekwisha kutuma.

Saa ya kuanza iandikwe kwenye kadi na isiguswe. Ikiwa ni tisa kamili, refa apulize tisa kamili hata kama mgeni wa heshima yuko bado njiani. Siku nayo ipimwe. Mkicheza na timu za Kisii, Nyamira au Homa Bay, Wasabato ni wengi na Jumamosi hawaji. Wapeni Jumapili, baada ya misa na ibada kumalizika.

Jina lachagueni na watu. Mji wa Madison, jimbo la Alabama, ulipopata timu kutoka Mobile uliwaachia mashabiki wapendekeze jina, na mwaka 2018 likashinda la kuchekesha: Rocket City Trash Pandas, jina la utani la rakuni, mnyama anayepekua mapipa ya taka. Wenye aibu walinung'unika. Lakini kofia na fulana zilianza kununuliwa kabla timu haijacheza hata mara moja, na ilibidi ingoje, kwa sababu msimu wote wa 2020 ulifutwa kwa ajili ya korona na mechi ya kwanza ikachezwa 2021. Nakuru hakukosi majina. Heroe wa ziwani na Menengai viko palepale. Pokeeni mapendekezo, bakizeni matano, pigeni kura, kisha kabla ya kuchapa jezi hakikisheni kwa Msajili wa Michezo kwamba jina halijachukuliwa. Klabu inatakiwa kusajiliwa huko kwa Sheria ya Michezo ya 2013, na jezi zilizochapwa kwa jina lililokataliwa hazina mnunuzi.

Kisichowafaa ni wingi wa mechi. Timu ya ligi ndogo ya chini huko hucheza mechi 132, nusu yake nyumbani, Jumanne hadi Jumapili. Jioni moja ikiharibika, kesho ni nyingine. Ninyi mna kumi tu, kwa hiyo mechi moja mbaya ni sehemu ya kumi ya mwaka wenu. Lakini tatizo la mchezaji kuchukuliwa mnalo sawasawa na wao: dirisha la uhamisho likifunguliwa katikati ya msimu, mshambuliaji wenu ataondoka. Bango lisiwe na sura yake. Liwe na siku, saa, bei, na nani anauza smokie na mayai boilo.

Wanafunzi wangu wanajua raundasi na wanataka kujaribu besiboli. Tuna uwanja wa mpira wa kawaida na kipigio kimoja. Nipimeje? — Mwalimu wa michezo, Kakamega

Mwalimu, uwanja wa mpira unatosha kwa watoto. Kwa watu wazima hautoshi. Kanuni za wakubwa zinataka angalau mita 76 kutoka kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, hadi uzio, na upana wa uwanja wa mpira ni kama 68. Watoto wa hadi miaka 12 huhitaji mita 61 hivi. Fanya hesabu ya watoto.

Tafuta kwanza kona ambayo mpigaji akisimama hapo atakuwa anatazama mashariki, ili jua la alasiri lisimpige machoni mpira ukija. Kutoka kona hiyo ingia mita 6 kutoka kila mstari, upige kigingi: hapo ndipo nyumbani. Kona yenyewe sasa iko mita 8.5 nyuma ya kigingi, na ndipo wavu wa kuzuia mipira utakaposimama. Watoto wanahitaji mita 7.6, kwa hiyo una nafasi. Upande wa upana zimebaki mita 62. Umepona kwa mita moja.

Sasa pata tepu mbili za mita 30. Usitumie kamba ya nailoni, inavutika, wala ya katani ikiwa nyasi ina umande, inafupika. Kutoka nyumbani pima mita 25.86 kuelekea ndani, ukiwa katikati kabisa ya mistari miwili, piga kigingi: kituo cha pili. Mtoto mmoja ashike sifuri ya tepu ya kwanza nyumbani, mwingine ashike sifuri ya tepu ya pili kwenye kituo cha pili. Wewe kamata zote mbili kwenye 18.29, uende kulia huku ukizivuta mpaka zikaze na kukutana. Hapo ni kituo cha kwanza. Rudia kushoto, upate cha tatu. Kujihakikishia, pima kutoka cha kwanza hadi cha tatu: lazima iwe 25.86 tena. Ikizidi au kupungua kwa zaidi ya upana wa kiganja, tepu moja ilikuwa imelegea au kigingi cha pili kimesogea. Ng'oa uanze upya, usigawanye makosa.

Mahali pa mrushaji ndipo wengi wanapokosea. Wanaona mraba, wanamweka katikati. Katikati ya mraba huu ni mita 12.93, lakini mrushaji wa watoto husimama mita 14.02 kutoka nyumbani, yaani mita moja na kidogo nyuma ya katikati. Kwa wakubwa ni kinyume: mraba wao una upande wa mita 27.43, katikati yake ni 19.40, na mrushaji yuko 18.44, mbele ya katikati. Ukiwachanganya hawa wawili, mpira utawafikia watoto kabla hawajainua gongo.

Kichuguu cha mrushaji, yaani mwinuko anaosimama juu yake, kiwe na kimo cha sentimita 15. Udongo mwekundu wa kwenu huteleza ukilowa. Chukua udongo wa kichuguu halisi cha mchwa, uvunjevunje, uunyunyizie maji mpaka ukifinyanga mkononi ushikamane bila kuchafua kiganja, kisha ushindilie tabaka la sentimita tatu kwa mara. Ukiumwaga wote kwa mkupuo na kuushindilia juu, ngozi ya nje itakuwa ngumu na ndani tifutifu; siku ya tatu mguu wa mrushaji utakuwa umechimba shimo. Mvua ya huko huja alasiri karibu kila siku ya masika, kwa hiyo chezeni asubuhi, na turubai likae juu ya kichuguu mnapomaliza, lisisubiri wingu.

Kituo cha nyumbani kichonge kutoka mpira wa tairi kuukuu, ule wa kutengeneza akala: mbele sentimita 43.2, pande mbili 21.6 kila moja, na mbili za nyuma 30.5 zinazokutana kwenye ncha. Kizame kiwe sawa na ardhi. Vituo vingine viwe magunia yaliyokunjwa mraba wa sentimita 38 na kujazwa unga wa mbao. Usitie mchanga, mtoto atavunja kidole cha mguu. Kituo cha pili hukaa katikati ya alama yake, cha kwanza na cha tatu hukaa ndani ya mraba kingo zikigusa mstari. Mistari ichore kwa rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa. Chokaa usiitumie, watoto huteleza kwa tumbo na huingia machoni.

Goli la karibu litakuwa nje ya mstari, lakini mtoto anayefuata mpira wa juu hatalitazama. Zungushia nguzo magunia. Na kabla hujatoa mpira mgumu anza na wa tenisi wiki mbili, uwafundishe jambo moja mpaka liingie damuni: ukishapiga, gongo linaachwa chini, halirushwi. Mpira mgumu usitoke kwenye mkoba kama hakuna kofia ngumu ya mpigaji na barakoa ya mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji.

Nimeona timu imeandikwa 72–60 na wanaiita msimu mzuri. Kupoteza mechi 60? — Msomaji, Bungoma

Ndiyo. Gawanya 72 kwa 132 upate 0.545, zaidi ya nusu, na katika besiboli timu bora nazo hupoteza mechi nyingi. Hakuna sare. Safu inayoonyesha timu iko nyuma kwa mechi ngapi huhesabiwa hivi: ikiwa kinara ana 76–56, tofauti ya ushindi ni 4 na ya kupoteza ni 4, jumlisha upate 8, gawa kwa mbili: timu yako iko nyuma kwa mechi 4.

Tuliletewa mipira sita ya besiboli kutoka Marekani. Ilinyeshewa, tukaikausha karibu na jiko, sasa ngozi imepasuka. Inaweza kupona? — Kocha wa vijana, Vihiga

Iliyopasuka haiponi, kocha. Iwekeni kwa mazoezi ya kupiga kwenye wavu tu. Ndani ya mpira huo kuna kiini cha kizibo na mpira, kimezungushiwa uzi mwingi wa sufu, kisha vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe vilivyoshonwa kwa mishono 108 ya uzi mwekundu. Uzito wake mkavu ni gramu 142 hadi 149. Ukinyeshewa, sufu hunywa maji na mpira huwa mzito. Atakayeumia bega ni mtoto anayerusha. Ukiuweka karibu na moto, ngozi inakauka kabla ya sufu, inajikunja, na mshono ndio unaokatika kwanza.

Siku nyingine ifuteni kwa kitambaa, muiweke kivulini penye upepo juu ya kitu kilicho wazi chini, kama chekeche au wavu wa kuanikia omena, na kuigeuza asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Mkiwa na mizani ya dukani, pimeni kabla ya kuirudisha uwanjani. Ikiwa bado inazidi gramu 149, ndani bado kuna maji.